Wakati Kama Kigezo cha Sumu: Kemikali Zinazovuruga Homoni na Funzo la DDT

Homoni ni kemikali ambazo tezi huzimimina katika damu ili kuziongoza seli: zikue, zigawanyike au zitulie. Kiasi kidogo mno hutosha kwa kazi hiyo. Kemikali ya nje yenye umbo linalokaribiana na homoni huweza kujishikiza kwenye vipokezi vya seli na kutoa amri ambayo mwili haukuitoa, au kuziba nafasi ya homoni halisi. DDT inadhihirisha njia zote mbili: aina moja ya molekuli zake huiga estrojeni, ilhali DDE, zao la kuvunjika kwake mwilini, huzuia kazi ya androjeni.

Dhana ya uvurugaji wa homoni ilipata jina mwaka 1991, katika mkutano wa Wingspread, Wisconsin, ulioitishwa na Theo Colborn. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira ya mwaka 2012 ilikadiria kemikali zinazojulikana au kushukiwa kuwa na tabia hiyo kufikia takribani 800.

Tangu enzi za Paracelsus, elimu ya sumu imejengwa juu ya kanuni kwamba kiasi ndicho kiifanyacho dutu kuwa sumu. Makala haya yanashikilia kwamba, kwa kemikali hizi, swali la "lini" lina uzito sawa na swali la "kiasi gani".

Ushahidi wa awali ulitokana na DES, estrojeni ya maabara waliyopewa wajawazito kwa nia ya kuzuia mimba kuharibika. Mwaka 1971, Arthur Herbst na wenzake, Boston, walieleza habari za wasichana 8 waliopata saratani adimu ya uke. Mama wa 7 kati yao walikuwa wametumia DES wakati wa ujauzito. Dawa ilimezwa na mama, lakini maradhi yalijitokeza kwa binti, miaka zaidi ya kumi baadaye.

Kwa upande wa DDT, tafiti nyingi zilizopima damu ya wanawake wakiwa tayari watu wazima hazikupata uhusiano ulio wazi na saratani ya matiti. Barbara Cohn na wenzake walitumia njia nyingine: damu iliyohifadhiwa kutoka kwa wanawake waliojifungua katika eneo la Oakland, California, kati ya 1959 na 1967. Mwaka 2007 walibainisha kwamba, miongoni mwa wanawake waliokuwa na umri wa chini ya miaka 14 DDT ilipoanza kuenea mwaka 1945, wale wenye viwango vya juu walikuwa na hatari ya saratani hiyo mara tano zaidi ya wenye viwango vya chini. Kwa waliokwisha kuvuka umri huo, uhusiano haukuonekana. Mwaka 2015 waliwageukia mabinti, wakakuta hatari ikikaribia mara nne kwa wale ambao mama zao walikuwa na viwango vya juu wakati wa ujauzito.

Suala hili linaigusa Afrika Mashariki moja kwa moja. Mkataba wa Stockholm wa mwaka 2001 unaruhusu DDT kwa ajili ya kudhibiti mbu waenezao malaria. Uganda ilipoipulizia majumbani katika wilaya za Apac na Oyam mwaka 2008, shauri lilifika mahakamani, na hofu kuhusu soko la mazao ya kilimo-hai ilichukua nafasi kubwa katika mjadala. Malaria huua watoto, hivyo faida ya unyunyiziaji haiwezi kupuuzwa. Hata hivyo, DDT hudumu katika mafuta ya mwili, hupita kwenye kondo la nyuma na huingia katika maziwa ya mama.

Kwa hiyo, utafiti unaopima damu ya mtu mzima mara moja tu, kisha ukahitimisha kwamba hakuna madhara, huwa umepima katika wakati usiofaa. Panapopuliziwa DDT, sampuli za wajawazito zihifadhiwe tangu sasa na watoto wao wafuatiliwe hadi utu uzima. Bila akiba hiyo, swali la "lini" halitakuwa na jibu.