Jiwe la mbali katika mji wa mawe

Musoma ni mji wa mawe. Ukishika barabara ya Butiama unayaona yamepandana vilimani, mengine makubwa kuliko nyumba, na kule Mwitongo, alikozikwa Mwalimu Nyerere, yamesogea hadi jirani na makazi ya familia. Sehemu kubwa ni ya jamii ya graniti, iliyoganda chini ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili iliyopita. Lakini mwenye nyumba wa Nyasho akiamua kubomoa jiko lake la zamani na kuweka kaunta ya graniti, jiwe atakaloletewa kwa kawaida limetoka India au China, limeshuka bandari ya Dar es Salaam na kupanda lori hadi Mara.

Si kwamba jiwe letu ni bovu. Bamba la kaunta linaanzia kwenye bonge zima lisilo na ufa, la mita mbili au tatu, na mawe yaliyokaa juu ya ardhi yakipigwa jua na mvua miaka yote hiyo yamejaa nyufa. Lipatikane bonge zuri, bado utahitaji waya wa almasi wa kulikata, misumeno ya kulichana mabamba ya sentimita mbili, na mashine za kuling'arisha hadi ujione usoni. Hapa kwetu jiwe linapigwa nyundo, linakuwa kokoto, linaingia kwenye zege.

Bibi zetu hawakuwa na shida hii. Walipikia chini: mafiga, kigoda, ungo mapajani. Kilicholeta habari za kaunta ni gesi. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia, uliozinduliwa Mei 2024, unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wameachana na kuni na mkaa ifikapo 2034. Jiko la plati mbili halikai vizuri sakafuni, halitoi moshi wa kulifukuza uani, kwa hiyo mapishi yanahama kutoka kibandani na kuingia ndani ya nyumba kubwa. Yakishaingia, fundi anauliza: "Mama, hapa juu tunaweka nini?"

Kabla ya kumjibu, tazama kazi inayofanyika pale. Jiko la Nyasho si lile la kwenye picha za simu, lenye bakuli la malimao na chupa moja ya maua. Hapa anatua sangara kutoka mwalo wa Mwigobero, anaparuliwa magamba na kukatwa vipande kwa kisu kizito. Sufuria ya ugali wa muhogo na mtama inaepuliwa na kuwekwa ikiwa bado inatokota. Kuna ndimu, nyanya, bizari na mafuta yanayoruka. Siku bomba likikauka, ndoo ya lita 20 inatuliwa juu ya kaunta hiyohiyo kwa kishindo. Kwa hiyo sifa nyingine zote zinasubiri: kwanza joto, asidi na kishindo.

Kwa vigezo hivyo graniti inashinda, na sitabishana na mwenye uwezo wa kuilipia. Sufuria ya moto haiisumbui, ndimu haiili, kisu cha kawaida hakiikwaruzi. Tatizo ni kwamba si kila kinachouzwa kwa jina la graniti ni graniti. Kabla hujatoa fedha, omba kipande kilichobaki, nenda nacho nyumbani. Kikwaruze kwa ncha ya kisu: kikiacha mchirizi mweupe uliochimbika, hilo ni jiwe laini, huenda ni marumaru halisi. Kamulia ndimu, subiri robo saa, ufute: pakififia na kupoteza mng'ao, jiwe lina chokaa na kila kachumbari itaacha alama. Halafu dondosha maji na uyaache kidogo. Pakibaki doa jeusi chini ya tone, jiwe linanyonya. Linaweza kufaa bado, ila lipakwe dawa ya kuziba vinyweleo na kurudiwa kila baada ya muda, la sivyo mafuta ya samaki yataingia na hayatatoka.

Uzito nao usisahaulike. Mita moja ya mraba ya graniti ya sentimita mbili ina kilo 54 hivi. Kaunta ya urefu wa mita tatu na upana wa sentimita 60 inakaribia kilo 100, na huwezi kuiweka juu ya kabati la MDF lililofungwa kwa skrubu nne. Ndiyo maana mafundi wetu wengi wanajenga vikuta vya tofali na kumwaga slabu ya zege yenye nondo kwanza. Jiwe lipimwe baada ya slabu kukauka, si kwenye mchoro.

Mshindani wake siku hizi ni jiwe la kiwandani, vumbi la kwatzi lililogandishwa kwa gundi ya plastiki. Linapendeza, halinyonyi, rangi unachagua. Mimi silipendekezi kwa jiko la ugali. Gundi ile haipendi joto kali, na sufuria iliyotoka kwenye moto wa gesi inaweza kuacha duara la kahawia lisilofutika. Kuna jambo zito zaidi. Mawe hayo mara nyingi yana silika zaidi ya asilimia 90, na anayeyakata makavu kwa grainda anavuta vumbi linaloacha makovu kwenye mapafu. Australia ilipiga marufuku utengenezaji, uuzaji na ufungaji wake kuanzia tarehe 1 Julai 2024 baada ya mafundi vijana kuugua. Graniti pia ina silika, ingawa si nyingi kama ya mawe hayo, kwa hiyo fundi anayekuja kukata jiwe lolote uani kwako akate kwa maji na avae barakoa ya maana, si kitambaa cha kufunika pua. Watoto wapelekwe kwa jirani siku hiyo.

Mbao zina wapenzi wake. Mninga na mvule vinavumilia, mvule hasa, lakini kando ya sinki hata mvule huchoka. MDF yenye fomaika juu ni rahisi na inameta dukani. Maji yakishapata njia kwenye ukingo inaumuka kama andazi, na haina matibabu. Stenlesi ni ya kukaangia chipsi mtaani na ya viwanda vya minofu. Nyumbani inafaa, inapiga kelele tu.

Vigae ndivyo vilivyotapakaa, na tangu viwanda vya Chalinze na Mkuranga vianze kazi si lazima tena visafiri baharini. Kigae chenyewe hakina kosa. Ubovu uko kwenye mistari. Grauti ya kawaida inanyonya maji ya samaki, inageuka nyeusi, na ifikapo mchana wa jua jiko linanuka mwalo. Ukivitaka, chukua vya sentimita 60 kwa 60 na ujenge slabu ya upana huohuo, ili pasiwe na mstari hata mmoja unaokimbia kwa urefu wa kaunta. Mistari michache ya kukata upana ijazwe grauti ya epoksi. Fundi akimaliza, gonga kila kigae kwa kifundo cha kidole. Kinacholia utupu kitapasuka siku ndoo ya kwanza itakapotua.

Halafu kuna terazo, ambayo wauza vifaa hawaitaji kwa sababu haipo kwenye rafu. Shule za zamani na hospitali za serikali zina sakafu za terazo zilizokanyagwa na maelfu ya miguu, na bado zinang'aa zikipigwa deki. Ile ile inaweza kukaa juu ya slabu ya jikoni. Fundi anachanganya saruji, nyeupe au ya kawaida, na kokoto ndogo za rangi, anashindilia tabaka la sentimita mbili, analifunika kwa magunia yaliyoloweshwa na kulimwagia maji kila siku kwa wiki nzima. Hapa ndipo wengi wanaharibu: wana haraka, wanaliacha likauke kwa jua, linachora nyufa nyembamba kama nywele. Baada ya wiki linasagwa kwa maji, jiwe la kukwaruza kwanza, laini baadaye. Vitundu vinavyojitokeza vinajazwa uji wa saruji, linasagwa tena, linapakwa nta.

Udhaifu wake ni ndimu, maana saruji na kokoto za marumaru vyote vinaliwa na asidi. Ubao wa kukatia na kitambaa cha kufuta vinatosha. Faida yake ni kwamba tabaka lake halina mistari ya kuunganisha kama ya vigae, na likimeguka ukingoni miaka kumi baadaye, fundi wa hapohapo Musoma analiziba bila kusubiri lori. Kama bajeti ingekuwa yangu, ningeweka terazo kote na kununua kipande kimoja tu cha graniti, cha pembeni mwa jiko, pa kuepulia sufuria.

Limebaki la kimo, ambalo vitabu vya ujenzi vinalijibu kwa sentimita 90 na kunyamaza. Vitabu hivyo havikusonga ugali. Weka jiko la gesi la sentimita 13 juu ya kaunta ya 90, juu yake sufuria ya kina cha 18, na mdomo wa sufuria uko kwenye 121. Kwa mama mwenye urefu wa mita moja na sentimita 58, hapo ni juu ya kiwiko. Atasonga kwa mabega, na ugali wa muhogo hauna huruma. Sehemu ya kukatia ibaki 85 au 90, lakini pa jiko pashushwe hadi 65 hivi. Asimame anayepika, ashike mwiko wake, fundi achore penseli ukutani kwa kimo chake, ndipo tofali la kwanza lilazwe.