Kabla Hujatia Saini Kwenye Makao ya Wazee

Mama alipopata kiharusi, hospitali ilikaa naye siku tisa, kisha ikasema hawezi kurudi kwangu, ghorofa ya tatu na lifti hakuna. Akahamishiwa kwenye makao ya uuguzi wa wazee, hapa hapa Marekani tunapoishi. Ofisini nikapewa bunda la karatasi na kalamu. Nami, kwa malezi yetu ya kutobishana na mwenyeji, nikatia saini zote. Usiku nyumbani ndipo nilipozisoma.

Moja ilinifanya mimi mdhamini wa malipo. Nyingine ilisema tukikosana hatutakwenda mahakamani, tutakwenda kwa msuluhishi wa binafsi. Kumbe hakuna hata moja niliyolazimika kuitia saini. Sheria ya 1987 kuhusu makao yanayopokea fedha za Medicare au Medicaid inakataza kumtaka ndugu adhamini malipo kwa fedha zake ndipo mgonjwa apokelewe. Ukiwa na mamlaka ya kisheria juu ya fedha za mzazi, unaweza kutakiwa uahidi kulipa kutoka fedha hizo hizo za mzazi, basi. Ile ya usuluhishi nayo, kwa kanuni za 2019, haiwezi kuwa sharti la kupokelewa, na aliyeisaini ana siku 30 za kuifuta. Mimi niliandika barua siku ya nne.

Kisha likaja suala la lugha. Kwenye faili waliandika kwamba mama ni mtu mkimya. Mama yangu! Soko zima la Ngamiani, Tanga, linamjua kwa maneno. Alikuwa kimya kwa sababu hakuna aliyemsemesha akaelewa. Mkazi ana haki ya kuelezwa hali yake kwa lugha anayoifahamu, na kushiriki kupanga huduma zake. Mpango wa kwanza unatakiwa uwe tayari ndani ya saa 48 tangu aingie. Ule kamili huangaliwa upya angalau kila miezi mitatu. Niliomba kikao, na mkalimani kwa simu. Mama akasema yote: aogeshwe na mwanamke, nguruwe asiletwe kwenye sahani yake, apate maji ya kutawadha.

Mwezi wa nne nikaambiwa mlangoni, kwa mdomo tu, nimtafutie mahali pengine kwa kuwa anapiga kelele usiku na kuwasumbua wenzake. Nililia garini. Lakini kumhamisha mkazi kuna sababu zilizotajwa na sheria, na taarifa lazima iwe ya maandishi, kwa kawaida siku 30 kabla, ikieleza sababu, namna ya kukata rufaa, na jinsi ya kumpata ombudsmani, yaani mtetezi wa wakazi wa makao hayo.

Kila jimbo lina ofisi ya watetezi hawa. Hawalipwi na makao, huduma yao ni ya bure, na hawatoi jina la mlalamikaji bila ridhaa yake. Hawapigi faini wala kufunga makao. Hiyo ni kazi ya wakaguzi wa jimbo. Wanashughulikia pia nyumba za wazee wanaojiweza kiasi, ambazo kanuni nyingi nilizozitaja haziwafikii, kwa sababu zinaongozwa na sheria za majimbo. Kama hujui pa kuanzia, piga 1-800-677-1116, utaelekezwa kwa wa eneo lako.

Wetu alikuja siku ya tatu. Hakuanza na mimi; alikaa kitandani kwa mama, akampigia mkalimani, akamuuliza kama anataka asaidiwe. Mama akamwambia anapiga kelele kwa sababu anataka kwenda msalani. Kengele ya kuitia watu ilikuwa imefungwa upande wa kushoto, mkono uliopooza.

Wengi wenu mnaosoma hapa mnafanya kazi za kuwahudumia wazee, kwa hiyo na ninyi lenu hili: tangu 2010 mfanyakazi anayeshuku mkazi ametendewa jinai lazima aripoti mwenyewe, ndani ya saa 2 kama kuna majeraha makubwa, vinginevyo ndani ya saa 24. Kumwachia msimamizi hakutoshi.

Kengele ilihamishiwa kulia siku ile ile. Habari ya kuhama haikutajwa tena, na mama sasa analalamikia chai: haina tangawizi.