Geto Ndani, Maskani Nje: Maneno Mawili ya Mahali katika Rapu ya Kitanzania

Ikisiri

Makala hii inaeleza mabadiliko ya maana ya maneno mawili ya mahali, geto na maskani, katika rapu ya Kitanzania inayosimulia maisha ya kukulia katika umaskini wa mjini. Inaonesha kwamba maneno hayo yamepishana. Geto, lililoingia likiwa na maana ya mtaa wa mafukara, limekuwa jina la chumba kimoja. Maskani, lililokuwa na maana ya makazi, limetoka nje na kuwa jina la mahali vijana wanapoketi mtaani. Makala inadai kwamba mhakiki asiyezingatia upishano huo hukosea kutambua msemaji wa wimbo yuko wapi na ukatili anaousimulia unamfikia akiwa mahali gani.

1.0 Utangulizi

Miaka kadhaa iliyopita mwandishi wa makala hii alisahihisha insha ya mwanafunzi mmoja kutoka Dunda, mjini Bagamoyo. Mwanafunzi huyo alieleza kwamba msemaji wa wimbo fulani wa rapu alifunga geto lake akaondoka usiku. Nilipiga mstari mwekundu na kuandika pembeni: "Mtaa haufungwi kwa kufuli." Siku ya pili alikuja ofisini, akasema kwa adabu: "Samahani, Mwalimu, geto ni chumba." Alikuwa sahihi. Mimi nilikuwa nimeusoma wimbo wa Kiswahili kwa kamusi ya Marekani.

Kosa hilo halikuwa la msamiati peke yake. Kwa kudhani kwamba geto ni mtaa mzima, nilikuwa nimedhani pia kwamba msemaji anajitambulisha kama mwakilishi wa eneo la wahalifu, na nikaufasiri wimbo wote kwa mwelekeo huo. Makala hii ni jaribio la kueleza kosa hilo kwa utaratibu, ili lisiendelee kurithishwa madarasani. Sentensi za mfano zilizomo zimeundwa na mwandishi kwa kufuata matumizi ya kawaida. Hazikunukuliwa kutoka wimbo wowote.

2.0 Geto: kutoka mtaa hadi chumba

Asili ya neno hili ni Venice, ambako mwaka 1516 Wayahudi walitengewa eneo lao lenye malango yaliyofungwa usiku. Karne nyingi baadaye neno likawa jina la mitaa ya Wamarekani weusi mafukara, na kwa njia ya rapu likavuka bahari. Afrika Mashariki ililipokea kwa namna mbili. Nairobi ilibaki na maana ya mtaa. Kundi la Kalamashaka, lililojipatia jina katika miaka ya 1990, lilitambulishwa na Dandora, na kwa wasikilizaji wake geto ni Dandora yenyewe pamoja na mitaa inayofanana nayo. Dar es Salaam na miji inayoizunguka ilikata njia nyingine: geto likawa chumba cha kupanga cha kijana asiyeoa.

Sababu ya kwanza ya tofauti hii ni kwamba nafasi ya maana ya mtaa ilikwisha kujazwa. Utawala wa kikoloni uliigawa Dar es Salaam kwa viwango vya majengo, na mgawanyo huo ulikwenda sambamba na rangi za watu. Wenyeji wa mji waliupa majina ya Kiswahili kwa umbo moja la kisarufi: Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Neno uswahilini liliendelea kutumika baada ya Uhuru, likipoteza sehemu kubwa ya maana ya rangi na kubaki na ile ya hali ya maisha. Vijana wakalifupisha kuwa uswazi. Rapu ilipoanza kuimbwa kwa Kiswahili mwanzoni mwa miaka ya 1990, lugha haikuwa na haja ya kuazima jina la mtaa wa watu wa chini. Neno geni lilipaswa kutafuta kazi nyingine.

Sababu ya pili ni nyumba yenyewe. Nyumba ya kawaida ya uswahilini ina ukumbi katikati, vyumba kila upande na ua nyuma. Mpangaji hapangi nyumba, anapanga chumba. Kijana aliyekuwa akilala sebuleni, au akibanana na ndugu zake, akipata kodi ya chumba amevuka hatua ya maisha. Kiswahili hakikuwa na neno moja la chumba cha namna hiyo. Chumba ni jina la jumla, na nyumbani kwa kijana huyo bado ni kwa wazazi. Geto likaziba pengo hilo.

Sarufi inathibitisha mabadiliko haya. Vijana husema niko geto au twende geto, mara nyingi bila kiambishi tamati -ni ambacho tungekitarajia katika nomino ya kawaida inayotaja mahali. Kwa tabia hiyo geto linafanana na majina maalumu kama Temeke au Dunda, ambayo nayo hayapokei -ni. Chumba kimoja chenye godoro kimepewa hadhi ya kisarufi ya mji.

Kinyume cha geto katika nyimbo hizi ni geti. Nalo ni neno la kukopa, na tofauti yake na geto ni irabu ya mwisho tu, jambo linalowafaa sana watunzi wa vina. Geti kali ni nyumba yenye ukuta na mlinzi, ambayo binti yake hatoki ovyo. Gangwe Mobb, kundi la Inspector Haroun na Luteni Karama kutoka Temeke, waliufanya usemi huo ujulikane nchi nzima kwa wimbo wao Mtoto wa Geti Kali. Tukirudi Venice tunaona mageuzi yenye maana: kule walioishi ndani ya geto walifungiwa lango na wengine. Huku mwenye geto anajifungia mwenyewe kwa kufuli lake, na lango limehamia kwa tajiri.

3.0 Maskani: kutoka makazi hadi mtaani

Neno maskani limetoka katika Kiarabu, na mzizi wake unahusu kukaa na kutulia. Kamusi za Kiswahili huanza na maana ya makazi. Katika usemi wa vijana, hata hivyo, maskani ni mahali pa nje panapokutanisha wenzao: chini ya mti, kwenye kona, mbele ya duka lililofungwa. Kijiwe, umbo la udogo la jiwe, hutumika karibu kwa maana hiyohiyo, na huenda ni kumbukumbu ya kitu chenyewe kinachokaliwa.

Mpitaji wa Dunda jioni anaweza kuiona tofauti hii kwa macho. Katika mitaa ya zamani wazee huketi barazani. Baraza ni sehemu ya nyumba na lina mwenyewe, na anayeketi hapo ni mgeni wa mtu anayejulikana. Hatua chache mbele vijana wameketi maskani. Hapo hapana mwenyeji wala mgeni. Maskani ni baraza lisilo na nyumba nyuma yake.

Kukosa nyumba nyuma kuna gharama ya kisheria. Mwaka 1983 Sheria ya Nguvukazi iliwalenga wakazi wa mijini waliohesabiwa kuwa hawana kazi, na Kanuni ya Adhabu imekuwa na makosa ya uzururaji tangu enzi za ukoloni. Desemba 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, ilitoa maoni ya ushauri kwamba sheria za uzururaji za namna hiyo hazipatani na Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu. Kwa hiyo kijana anayesema katika wimbo kwamba yuko maskani anataja mahali ambapo kukaa tu kumewahi kuhesabiwa kuwa kosa. Anapotumia neno lenye maana ya makazi, anadai haki ya kuwapo hapo. Sheria imwite mzururaji, yeye anajibu kwamba amekaa kwake.

Jibu hilo linafafanua pia mgogoro wa neno mhuni. Kama Perullo (2005) alivyoonesha, wasanii wa rapu wa Dar es Salaam walitumia muziki kupinga taswira ya kijana kama mhuni. Tunachoongeza hapa ni kwamba upinzani huo haumo katika hoja zinazotajwa waziwazi tu. Umo katika majina ya mahali yanayotumika bila kuelezwa.

4.0 Njia iliyo katikati

Ikiwa maskani ni nje na geto ni ndani, ukatili unakaa wapi? Mara nyingi unakaa njiani, kati ya hapo na pale. Tuangalie sentensi hii:

(1) Nilitoka maskani saa saba usiku, geto sikufika.

Hakuna kitenzi cha kupiga wala cha kukaba. Yapo majina mawili ya mahali na ukanushi mmoja, na msikilizaji wa uswahilini anajua kilichotokea. Msomaji anayedhani geto ni mtaa hawezi kuielewa sentensi hii, kwa kuwa kwake msemaji alikuwa ndani ya geto tangu mwanzo. Anakosa safari, na kwa kukosa safari anakosa hatari.

Hatari yenyewe ni ya pande mbili. Kijana anaweza kuporwa na vijana wenzake, kama wale wa makundi yaliyoitwa panya road ambayo yaliitia Dar es Salaam hofu kubwa Januari 2015. Anaweza pia kudhaniwa kuwa mmoja wao:

(2) Aliitiwa mwizi, akapigwa, akachomwa, kulipokucha pakafagiwa.

Vitenzi vinne vikuu vya sentensi hii viko katika kauli ya kutendwa na hakuna mtenda anayetajwa. Magazeti humtaja kwa fungu lililozoeleka, wananchi wenye hasira kali. Wimbo unaweza hata kuliacha fungu hilo. Kiambishi -ka- kinaunganisha matukio kana kwamba kila moja limezaliwa na lililotangulia, pasipo mtu kuamua. Jambo la kuzingatia zaidi ni upatanisho wa kisarufi. Vitenzi vitatu vya kwanza vina kiambishi a- cha mtu. Cha mwisho kina pa- cha mahali. Mtu ametoka katika sentensi, pamebaki pahali palipofagiwa. Haya si mapambo ya mtunzi. Ngeli za mahali humwezesha msemaji yeyote wa Kiswahili kusema hivyo, na mtunzi mzuri hujua lini azitumie.

Ni kweli kwamba katika usemi wa mijini ku- inaelekea kumeza kazi za pa- na mu-. Wengi husema kuna pale ambapo usanifu ungetaka pana au mna. Lakini tofauti ya ndani, nje na kati haijapotea. Sehemu kubwa ya kazi iliyofanywa na viambishi sasa inafanywa na msamiati: geto linabeba undani, maskani inabeba pahali maalumu panapojulikana, na njia ya usiku haina jina.

5.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba geto na maskani yamebadilishana nafasi, na kwamba mabadiliko hayo yana sababu katika historia ya mji, muundo wa nyumba na sheria za uzururaji. Yapo mambo mawili ya kufuatwa. Kwanza, watungaji wa kamusi wayape maneno haya maana zake za sasa kama maana kamili, si kama upotofu wa vijana. Kazi ya Reuster-Jahn na Kießling (2006) kuhusu lugha ya mitaani ni msingi mzuri wa kuanzia. Pili, wasimamizi wa tasnifu wawatake wanafunzi wachore, kabla ya uhakiki, ramani ya mahali panapotajwa katika kila wimbo: msemaji analala wapi, anaketi wapi, na anapita wapi usiku. Hapo ndipo swali la iwapo wimbo unasifu ukatili au unaulalamikia litakapoweza kujibiwa kwa ushahidi wa lugha.

Mwanafunzi wa Dunda alirudishiwa alama zake. Maelezo yangu ya pembeni yalifutwa, na mahali pake niliandika maana ya geto aliyonifundisha.