Mafuta Bila Kaboni? Tulia, Moshi Bado Una Siri Zake

Wasee, kuna hii stori inazunguka ati meli na mitambo ya stima zitaanza kuchoma amonia na haidrojeni, kaboni sufuri, dunia safi, imeisha hiyo. Poa. Lakini hebu nikuchanue kidogo, juu "bila kaboni" si sawa na "bila uchafu".

Amonia unaijua hata kama jina ni geni. Ni ule ukali unakupiga puani ukiingia choo cha steji. Ndani yake kuna naitrojeni moja na haidrojeni tatu. Kaboni hakuna, kwa hivyo ikiwaka haiwezi kutoa kaboni dioksaidi.

Shida ni kwamba amonia ni mvivu. Moto wake hutembea kama sentimita 7 kwa sekunde. Gesi ya mtungi hapo jikoni hufika kama 40. Haidrojeni nayo ni mwendawazimu, inapita mita 2, na usipochunga moto unarudi nyuma hadi kwa bomba. Ndio maana zinachanganywa, mwenye mbio amvute mwenye usingizi. Na si jambo jipya. Mwaka wa 1943 Ubelgiji ilikosa dizeli sababu ya vita, na mabasi ya abiria yakatembea na amonia. Iliongezewa gesi ya makaa ya mawe, iliyojaa haidrojeni, ndio ishike moto.

Sasa njoo kwa moshi. Ile naitrojeni ikiwaka vizuri inatoka ikiwa hewa ya kawaida tu, pamoja na mvuke wa maji. Lakini sehemu yake hushikana na oksijeni ikawa NOx, ile ya kuchoma mapafu. Ukiongeza haidrojeni ndio moto ushike, joto linapanda, na NOx inaweza kupanda nayo. Ukinyima moto hewa, NOx inashuka, lakini amonia mbichi inahepa kupitia ekzosi, na hiyo ni sumu. Ukizidisha hewa hadi moto upoe, inaweza kuja N2O, ile gesi ya kuchekesha ya madaktari wa meno. Hapa haichekeshi mtu: kilo moja inapasha dunia joto kama kilo 273 za kaboni dioksaidi kwa miaka 100. Ikivuja kidogo tu, faida yote imeliwa.

Mafundi wanacheza na hewa. Kwanza wanachoma kwa hewa chache, halafu wanaongeza mbele kumaliza mabaki. NOx inayobaki inapitishwa kwa kichocheo huku, cheki hii, ikinyunyiziwa amonia hiyo hiyo, inageuka naitrojeni na maji. Dere wa lori za kisasa anaijua hiyo kazi, ndio AdBlue hufanya.

Machi 2024, bandarini Singapore, meli ya Fortescue Green Pioneer ilichoma amonia ikichanganywa na dizeli. Ukipata ripoti ya meli kama hiyo, ruka mstari wa kaboni kwanza, tafuta wa N2O.