Wazo linalorudi bila kuitwa

Saa kumi na moja ya asubui, bwana anatoka kwenda ku shimo. Bibi anamusindikiza paka ku mulango: "Wende muzuri." Akipiga hatua tano, anamuita: "Rudia kwanza." Anasema tena, mara tatu, na neno moja likikosa kutoka sawasawa, wanaanza upya. Bwana anachelewa, anakasirika. Bibi mwenyewe anajua ile haina maana. Lakini wazo linamuambia: ukiacha, leo udongo utamufunika.

Nani kati yetu hana hofu ya udongo? Tumezika watu. Njo maana ugonjwa huu unajificha vizuri mu nyumba zetu. Wafransa wanauita TOC. Wazo linaingia kwa nguvu, mutu anafanya kitendo ili atulie. Anatulia dakika chache, kisha wazo linarudi na nguvu zaidi, juu limelishwa. Wengine wanaosha mikono juu ya vumbi ya kobalti paka ngozi inapasuka. (Kufua nguo za kazi mbali na za watoto ni akili nzuri; hatusemi ile.)

Liko moja wamama hawasemi: "Nikishika kisu, naona nachoma mutoto." Mu mwaka 1978, kule London, Rachman na de Silva waliuliza watu wasio wagonjwa; wengi walikubali kwamba mawazo mabaya yanawapitia. Yanapita tu. Mgonjwa yeye anaamini kwamba kuwaza ni sawa na kutenda. Anaficha visu, anaogopa kubeba mutoto wake. Na kwetu, akifungua kinywa, wapo watakaomuita ndoki na kumufungia mu chumba cha maombi. Pasteur aombe, hatukatazi. Asimufunge. Lakini kama mama anasikia sauti zikimuamuru, ule ni ugonjwa mwingine, apelekwe ku hospitali mbio.

Dawa iko. Munganga anamuzoeza kuacha kitendo kidogo kidogo: leo kuaga mara mbili, kisha mara moja, na kukaa na hofu paka ishuke yenyewe. Inashuka. Viko na vidonge, kama fluoxetine, vinavyokawia majuma mengi mbele ya kusaidia. Ku Lubumbashi, kituo Joseph Guislain cha Bafrère de la Charité kinatunza magonjwa ya akili.

Na bwana wa asubui, wakishapatana na bibi mbele ya munganga: akiitwa mara ya pili asigombane, asirudi. Aende ku kazi.