Ukienda Pwani, Tazama Upepo Kwanza

Shule zikikaribia kufungwa, wazazi wengi wa Kangemi na Uthiru huhesabu nauli ya Mombasa wakasahau upepo. Aprili ni masika. Agosti kusi huvuma, bahari ikachafuka na mwani ukajaa ufuoni. Desemba huja kaskazi na maji matulivu, ingawa bei za vyumba hupanda. Afadhali kuweka akiba mapema kuliko kulipia matope.

Treni iliyoanza 2017 huchukua saa tano au sita, lakini huondokea Syokimau, upande wa pili wa jiji. Jihimu, ushuke katikati ya jiji na kupanda gari-moshi dogo la stesheni kuu. Foleni ya Waiyaki Way haina huruma.

Mombasa usikwame. Panda matatu ya Malindi, ukaone hori la Kilifi kutoka daraja lililofunguliwa 1991. Shuka Gede penye magofu ya mji wa kale wa Waswahili. Watamu, waulize wavuvi saa za maji kupwa kabla ya kulipia mashua. Maji yakijaa sana, samaki wa matumbawe hawaonekani vyema. Malindi, kwa Waitaliano, watoto watadai aiskrimu. Itengee pesa.