Kompyuta ya gari hujifunza, lakini haitengenezi

Anayeshuka boti Nyamisati akitokea Salale au Mbwera, kisha akapanda gari kwenda Kibiti, hupita katika zama mbili za ufundi kwa siku moja. Boti nyingi ndogo za delta, kama zilivyo pikipiki nyingi za barabarani, bado zinatumia kabureta. Injini ikikosa nguvu, fundi huinama, huisikiliza, na kwa bisibisi hurekebisha mchanganyiko wa mafuta na hewa mpaka mvumo utulie. Gari la petroli lililotoka Japani limeacha njia hiyo. Kazi ya sikio na bisibisi hufanywa na kompyuta iliyofichwa ndani ya gari, tena mara nyingi kwa kila sekunde. Na kompyuta ina jambo ambalo bisibisi haina, nalo ni kumbukumbu.

Tumeona ni vyema kulieleza jambo hili katika kurasa za familia, kwa sababu sisi wa kamati za misikiti huitwa mara kwa mara kushuhudia mauziano ya magari. Aghalabu fedha inayowekwa mezani ni ya korosho za msimu mzima, au ya mchango wa ndugu watano. Gari hilo ndilo litakalobeba abiria mchana, na usiku ndilo litakalomwahisha mama mjamzito hospitalini. Kasoro ikifichwa, wanaoumia ni wengi.

Kompyuta hujifunza nini?

Petroli huungua vizuri ikichanganywa na hewa kwa uwiano wa kilo moja ya mafuta kwa kilo 14.7 za hewa. Ndani ya ekzosti kuna sensa inayopima oksijeni iliyobaki baada ya moto. Oksijeni ikizidi, kompyuta hutambua kuwa mafuta ni machache, hivyo huziacha nozeli wazi kwa muda mrefu zaidi kidogo. Oksijeni ikipungua, huufupisha muda huo. Sensa ya namna hii ilianza kuzalishwa kiwandani na kampuni ya Bosch ya Ujerumani mwaka 1976, kwa ajili ya magari ya Volvo yaliyouzwa Marekani.

Marekebisho yaleyale yakirudiwa siku baada ya siku, kompyuta huyaandika katika kumbukumbu yake, na safari inayofuata huanzia hapo. Vilevile hujifunza kiasi cha hewa kinachohitajika ili injini isizime gari likiwa limesimama, hali ambayo mafundi wetu huiita sailensi.

Ama kuhusu tabia ya dereva, wapo wasemao kuwa gari huzoeshwa uvivu au ukali na mwenye kuliendesha. Kauli hiyo ina ukweli nusu. Katika magari mengi yenye giaboksi ya otomatiki, dereva anayekanyaga mafuta kwa pupa hufanya kompyuta icheleweshe kubadili gia, ili nguvu ipatikane upesi, na mafuta huliwa zaidi. Dereva mtulivu hubadilishiwa gia mapema. Hata hivyo, mazoea haya hubadilika upesi akishika usukani mtu mwingine. Gari lililopoteza nguvu kwa miezi halijazoeshwa uvivu. Lina tatizo, na yapasa litafutwe.

Subira yenye mpaka

Hapa ndipo penye hatari. Kwa kuwa kompyuta hurekebisha, huweza kuisitiri kasoro kwa muda mrefu. Vumbi la barabara za vijijini huichafua sensa inayopima hewa inayoingia. Mpira wa hewa hupasuka. Pampu ya mafuta huchoka. Katika hali zote hizi kompyuta huendelea kufidia, na dereva huona gari li zima.

Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa nayo hufidiwa. Mchanganyiko huo huifanya injini igonge. Kompyuta husikia kwa sensa maalumu, kisha huchelewesha cheche za plagi ili kuiokoa injini. Injini husalimika kwa wakati huo, lakini nguvu hupungua, na gari lililojaa abiria huonekana limechoka mlimani. Uchakachuaji huo ndio uliosababisha EWURA kuanza kuweka vinasaba katika mafuta mwaka 2010, na Serikali kupandisha kodi ya mafuta ya taa mwaka 2011. Petroli ya chupa inayouzwa kando ya njia haina wa kuidhamini.

Fidia hiyo ina kikomo. Katika magari mengi, marekebisho ya mafuta yakikaribia robo ya kiwango cha kawaida, kompyuta hukiri kushindwa: huwasha taa ya injini kwenye dashibodi na kuhifadhi namba ya kasoro. Namba P0171, kwa mfano, humaanisha kuwa mafuta ni machache kuliko hewa. Namba haitaji kifaa cha kununua. Humwonyesha fundi pa kuanzia kutafuta.

Kuzima taa si kutengeneza

Ukichomoa waya wa betri kwa muda, au ukifuta kwa mashine ya kupimia, taa huzimika. Lakini kumbukumbu nayo hufutika. Gari huweza kutetemeka katika sailensi na kubadili gia kwa mshtuko mpaka lijifunze upya, na kasoro ikiwa ingalipo, taa hurudi baada ya siku chache. Anayefanya hivyo asubuhi ya kuuza gari, huku akiijua kasoro, amemghushi mnunuzi. Mafakihi wamempa mnunuzi khiyari ya kasoro, yaani haki ya kurudisha bidhaa aliyoikuta na aibu ya zamani ambayo hakuelezwa.

Kwa hiyo tunawausia wanunuzi mambo manne. Kwanza, liwasheni gari likiwa la baridi. Ukifungua swichi kabla ya kuwasha injini, taa ya injini lazima iwake, kisha izimike injini ikinguruma. Isipowaka kabisa, huenda imechomolewa. Pili, mwambieni fundi asome namba za kasoro, na aangalie kama kompyuta imekamilisha vipimo vyake. Katika magari mengi, vipimo visivyokamilika ni dalili kuwa kumbukumbu imefutwa karibuni. Tatu, liendesheni mwendo wa kutosha, mathalani kutoka Kibiti hadi Daraja la Mkapa na kurudi, si kuzunguka soko. Nne, andikeni katika mkataba kasoro zote alizozitaja muuzaji, mbele ya mashahidi.

Na mwenye gari tayari, abadilishe chujio la hewa mapema kuliko wanaoendesha kwenye lami, anunue mafuta kituoni, na taa ikiwaka aulize namba kabla ya kukubali kununua kifaa chochote.